Programu ya Waranti Imesema Diski Yako Ni Nzima? Soma Hii Kabla Hujaiamini

Jamaa yangu anapiga picha za harusi. Kompyuta yake aliinunua mpya dukani, na kwa kuwa ndiyo inayomlisha, akaongeza hela kidogo apate waranti ya miaka mitatu. Siku ilipoanza kukwamakwama hakuwa na wasiwasi. Alifungua ile programu ya kampuni iliyokuja na kompyuta, akabonyeza sehemu ya kupima diski, akasubiri kama nusu saa. Majibu yakaja na alama ya kijani: "Passed". Yaani imefaulu.

Akaendelea na kazi zake. Baada ya wiki mbili kompyuta ikagoma kuwaka.

Watu wa waranti hawakumsumbua. Waliipima, wakakubali kwamba diski imekufa, wakamwekea mpya bila kumtoza hata shilingi.

"Na picha zangu?" akauliza.

"Pole kaka. Sisi tunabadilisha kifaa. Vilivyokuwa ndani havipo kwenye waranti."

Harusi tatu zilikuwa humo. Bibi harusi mmoja alikuwa hajaona hata picha moja.

Ukitazama vizuri, hapo hakuna aliyevunja ahadi. Waranti ilitoa ilichoahidi, na programu ilipima ilichoweza kupima. Shida ni kwamba jamaa alidhani vitu hivyo viwili vinalinda picha zake, na hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kama una kompyuta yenye programu ya aina hii, na karibu kila kompyuta ya kampuni kubwa inayo, haya ndiyo ya kujua kabla hujabonyeza "Scan" au "Repair".

WARANTI INALINDA NINI HASA?

Soma karatasi ya waranti ya kampuni yoyote kubwa ya kompyuta, iwe Apple, HP au Dell. Utakuta sehemu inayosema kampuni haiwajibiki kwa data iliyopotea, na kwamba ni jukumu lako kutunza nakala kabla ya kupeleka kifaa kwa fundi wao. Wengi hatufiki kwenye mstari huo. Tunaangalia idadi ya miaka tu.

Kwa hiyo waranti ni ahadi juu ya chuma. Diski ikifa ndani ya muda, unapewa diski. Mafaili yako kwao si sehemu ya bidhaa, kwa sababu hawakukuuzia wao.

Zipo nafuu chache za kulipia. Dell na HP wanauza huduma ya ziada inayokuruhusu kubaki na diski yako mbovu badala ya kuirudisha, jambo linalowafaa wenye siri za ofisi au wanaotaka kuipeleka kwa wataalamu wa kuokoa data. Seagate, wanaotengeneza diski, wana baadhi ya bidhaa zinazokuja na huduma ya kuokoa data kwa muda maalumu. Lakini hizo ni nyongeza. Waranti ya kawaida haina kitu hicho.

PROGRAMU HIZI ZILIANZAJE KUAMBATANA NA WARANTI?

Mfano unaojulikana sana ni wa Apple. Miaka ya 2000, mtu aliyenunua AppleCare Protection Plan kwa ajili ya Mac alikuwa anarefusha waranti kutoka mwaka 1 hadi miaka 3. Ndani ya boksi alikuta CD yenye programu iitwayo TechTool Deluxe. Ilitengenezwa na kampuni ya Micromat, na ilikuwa toleo lililopunguzwa la TechTool Pro, programu kamili ambayo Micromat waliiuza kivyake. Iliweza kupima kumbukumbu ya kompyuta, kupima diski, na kujaribu kurekebisha makosa kwenye mpangilio wa mafaili.

Siku hizi CD zimekwisha. Kipimo kinakaa ndani ya kompyuta yenyewe. Kwenye HP nyingi, zima kompyuta, iwashe huku unagonga kitufe cha Esc mfululizo, kisha bonyeza F2. Kwenye Dell unagonga F12 inapowaka, kisha unachagua Diagnostics. Kwenye Mac za zamani zenye prosesa ya Intel, unawasha huku umeshikilia herufi D. Mac mpya zenye chipu za Apple, unashikilia kitufe cha kuwashia mpaka yatokee machaguo, kisha unabonyeza Command na D kwa pamoja.

Kwa nini kampuni zinatoa vipimo hivi bure? Angalia HP. Kipimo chao kikikuta kifaa kibovu, kinatoa namba ndefu ya tarakimu 24. Namba hiyo ndiyo unayowapa huduma kwa wateja ili wajue ni kifaa gani kimekufa na kama wanapaswa kukibadilisha.

Hapo ndipo pa kushika. Kipimo cha waranti kimetengenezwa kujibu swali la kampuni: je, tumpe huyu mteja kifaa kipya? Swali lako wewe ni tofauti: je, mafaili yangu yatakuwepo mwezi ujao? Hilo hakuna aliyekipa kipimo kazi ya kulijibu.

DISKI NI GHALA, NA GHALA LINA LEJA

Ili uelewe programu ya kukarabati inafanya nini, fikiria ghala kubwa la bidhaa. Kuna rafu zimejaa maboksi, na pale mlangoni kuna leja inayoonyesha boksi gani liko rafu ipi.

Diski yako ni hivyo hivyo. Picha, nyimbo na maandishi yako ni maboksi. Leja ni kile wataalamu wanachokiita mfumo wa mafaili. Ukifungua picha, kompyuta haizunguki diski nzima kuitafuta. Inasoma leja, inakwenda moja kwa moja kwenye rafu.

Sasa, ghala linaweza kuharibika kwa njia mbili.

Ya kwanza, leja inavurugika. Umeme umekatika ghafla wakati kompyuta inaandika, au umechomoa diski ya nje bila kuitoa kwa utaratibu. Maboksi yote yapo, rafu ni nzima, ila leja inasema uongo.

Ya pili, rafu zenyewe zinaliwa na mchwa. Kwenye diski ya kuzunguka, uso wake unaanza kuwa na sehemu zisizosomeka, zinaitwa sekta mbovu, au kile kichwa kinachosoma kinachoka. Kwenye SSD, chipu zenyewe au kiendeshi chake ndani kinafeli.

Programu ya kukarabati diski inatengeneza leja. Basi. Haijawahi kuwepo programu inayoziba rafu iliyoliwa na mchwa. Inachoweza ni kuiwekea alama kwamba rafu hii isitumike tena, na kuhamishia kazi kwenye rafu za akiba ambazo diski huja nazo kutoka kiwandani.

Apple wenyewe wanalisema hili wazi kuhusu Disk Utility, programu iliyomo ndani ya kila Mac: ikikuambia diski inakaribia kufeli, chukua nakala ya data zako na ubadilishe diski, kwa sababu huwezi kuikarabati.

Kwa hiyo kama tatizo lako ni leja, programu hizi zinategemeka kweli, na mara nyingi zinakutoa kwenye shida ndani ya dakika chache. Kama tatizo ni mchwa, ukarabati utakupa moyo kwa siku mbili tatu, halafu hali inarudi palepale.

"PASSED" INAMAANISHA NINI?

Karibu kila diski ya leo ina mfumo wa kujichunguza unaoitwa SMART. Ni kama daftari la kliniki: diski inaandika imewaka kwa saa ngapi, joto lake, sekta ngapi zimekufa na kuhamishiwa kwenye akiba, makosa mangapi yametokea. Programu nyingi za waranti, hasa kwenye kile kipimo cha haraka, zinasoma daftari hilo, zinajaribu sehemu ndogo ya diski, kisha zinatoa jibu.

Je, daftari hilo linaaminika? Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa utafiti mkubwa kuhusu swali hili. Walifuatilia diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini kwenye vituo vyao. Zote zilikuwa diski za kuzunguka, za aina zinazouzwa kwa watu wa kawaida.

Walichokuta kinashtua. Kati ya diski zilizokufa, zaidi ya asilimia 56 hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kuu za SMART. Yaani zaidi ya nusu zilikufa huku daftari la kliniki likiwa safi kwenye dalili hizo. Hata walipoongeza dalili nyingine zote isipokuwa joto, bado zaidi ya asilimia 36 zilikufa kimya kimya.

Hiyo ndiyo maana halisi ya alama ya kijani. Haisemi diski yako ni nzima. Inasema kipimo hakijaona ugonjwa. Tofauti ya kauli hizo mbili ndiyo iliyommaliza jamaa yangu.

IKISEMA MBOVU, HAPO ISIKILIZE

Utafiti ule ule una upande wa pili, na huu ndio wenye faida kwako.

Diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza kwenye ukaguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60, ikilinganishwa na diski zisizokuwa na kosa kama hilo. Haimaanishi itakufa kesho. Inamaanisha imeingia kwenye kundi la hatari, na wewe umepata taarifa mapema.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi kukumbuka: programu ikisema diski ni mbovu, iamini leo leo. Ikisema ni nzima, ishukuru, halafu endelea kuweka nakala kama vile hujaambiwa kitu.

Wengi wetu tunafanya kinyume. Tukiona kijani tunalala usingizi. Tukiona nyekundu tunasema "hii programu nayo", tunaizima na kuiwasha kompyuta, tunapima tena na tena mpaka ipite. Diski inayofeli kipimo cha asubuhi na kufaulu cha jioni haijapona. Ni mgonjwa aliyepata nafuu ya muda.

KITUFE CHA "REPAIR" KINAWEZA KUKUUMIZA

Hapa watu wengi huharibu wenyewe.

Ukikarabati leja, programu inaandika upya sehemu za diski. Ikikuta kipande cha faili kisichoeleweka ni cha nani, inaamua yenyewe cha kufanya. Kwenye Windows, amri ya chkdsk huwa inavikusanya vipande kama hivyo na kuvitupia kwenye folda iitwayo FOUND.000, vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Leja sasa ni safi na kompyuta inafurahi. Ila faili lako la mahesabu ya miaka miwili limekuwa kipande kisicho na jina.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Ukaguzi kamili unasoma kila rafu ya diski, na unaweza kuchukua masaa. Kwa diski nzima hilo si tatizo. Kwa diski inayokaribia kukata roho, ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo mlimani. Pumzi chache ilizobakiwa nazo ungezitumia kutoa picha zako, sasa zimeishia kwenye kipimo.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko programu yenyewe: nakala kwanza, kipimo baadaye, ukarabati mwisho.

Na kama unatumia chkdsk, jua kwamba ukiiandika hivi hivi bila nyongeza, inasoma na kutoa taarifa tu. Ukiongeza /f inaanza kurekebisha leja. Ukiongeza /r inatafuta na sekta mbovu pia, na hiyo ndiyo inayochukua muda mrefu. Anza na ile ya kusoma tu.

PROGRAMU IMEZEEKA, MFUMO UMESONGA MBELE

Kuna udhaifu mwingine wa programu inayokuja kwenye boksi: inagandia siku ile boksi lilipofungwa.

Wenye zile CD za AppleCare waliujua vizuri. Mac huwa haikubali kuwaka kwa kutumia mfumo wa zamani kuliko ule iliyotoka nao kiwandani. Kwa hiyo CD uliyoipata na Mac yako ya kwanza, ukiichomeka kwenye Mac mpya uliyonunua baadaye, inaweza isiwashe kitu kabisa. Na siku unayoihitaji ndiyo siku kompyuta haiwaki kwa njia nyingine.

Kibaya zaidi ni leja inapobadilishwa muundo. Apple walileta mfumo wa mafaili wa HFS Plus mwaka 1998. Programu za ukarabati zilizotengenezwa kabla ya hapo hazikuujua, na kuzitumia kungeweza kuharibu data badala ya kuiokoa. Mwaka 2017 Apple wakabadilisha tena, wakaleta APFS. Programu maarufu kama DiskWarrior, ambayo mafundi wengi wa Mac waliitegemea kujenga upya leja zilizovurugika, haikuweza kufanya kazi hiyo kwenye APFS.

Somo ni moja. Usikarabati diski kwa programu iliyo na umri mkubwa kuliko mfumo ulioko kwenye kompyuta. Ni kumpa karani wa zamani leja iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, halafu umwambie aisahihishe.

Hata zile zinazokaa ndani ya kompyuta zinahitaji kusasishwa, na siyo kwa ajili ya vipimo tu. Programu za namna hii hupewa mamlaka makubwa ili ziweze kugusa kila kifaa. Juni 2019 wataalamu wa usalama walitangaza kasoro kwenye SupportAssist ya Dell, ndani ya sehemu iliyotengenezwa na kampuni ya PC-Doctor. Mtu mbaya aliyekwisha ingia kwenye kompyuta angeweza kuitumia kasoro hiyo kujipatia mamlaka ya juu kabisa. Dell walitoa toleo lililorekebishwa. Aliyelisasisha alisalimika, aliyeliacha limelala alibaki na mlango wazi.

NA ZIPO ZINAZOPIMA MFUKO WAKO

Mpaka hapa tumezungumzia programu zenye nia njema na uwezo mdogo. Kuna kundi lingine.

Machi 2019 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza makubaliano na kampuni mbili. Office Depot, wenye maduka ya vifaa vya ofisi, walikubali kulipa dola milioni 25. Support.com, waliowatengenezea programu, walikubali kulipa dola milioni 10.

Kisa kilikuwa programu iitwayo PC Health Check. Mteja alikuwa analeta kompyuta dukani ipimwe. Kabla ya kipimo aliulizwa maswali manne ya kawaida: je, kompyuta imekuwa nzito? Unapata onyo la virusi? Inajizima ghafla? Matangazo yanajitokeza yenyewe? Kwa mujibu wa FTC, mteja akijibu ndiyo kwa swali hata moja, programu ilitoa taarifa kwamba kuna dalili za programu hasidi. Majibu hayo hayakutegemea kipimo. Yalitegemea vile vijisanduku vya maswali. Kisha mteja akauziwa matengenezo, mengine yakifika dola 300. Mchezo huo ulidumu tangu angalau 2009 mpaka Novemba 2016.

Hiyo haikuwa programu ya diski, lakini funzo lake linaingia hapa moja kwa moja. Kabla hujaamini kipimo chochote, jiulize: anayenipima anapata nini jibu likiwa baya? Kampuni ya waranti inaingia gharama ikikuta ubovu. Muuzaji wa matengenezo anapata hela akiukuta. Wote wawili wana sababu ya kuegemea upande fulani, hata kama hawadanganyi.

Ukipewa jibu baya na mtu anayetaka kukuuzia dawa, tafuta maoni ya pili. Kwenye Windows kuna CrystalDiskInfo, ni ya bure. Inasoma lile daftari la SMART na kukuonyesha kwa neno moja: Good, Caution au Bad. Haiuzi kitu mwishoni.

KAMA KOMPYUTA YAKO NI YA MTUMBA

Wengi wetu tunanunua kompyuta zilizokwisha tumika ofisini Ulaya, Marekani au Dubai. Waranti ya kiwandani mara nyingi imeshaisha, na ya dukani ni siku chache tu. Habari njema ni kwamba kile kipimo cha HP au Dell bado kiko ndani na kinafanya kazi. Muda wa waranti hauhusiani nacho.

Kitumie hapo hapo dukani kabla hujatoa hela. Muuzaji asikuambie "hiyo haina haja, boss". Fanya kipimo kirefu, siyo kile cha haraka. Kisha angalia diski imewaka kwa masaa mangapi. Namba hiyo iko kwenye SMART, na CrystalDiskInfo inaionyesha. Kompyuta inayoitwa "kama mpya" yenye masaa 20,000 imekwisha fanya kazi zaidi ya miaka miwili bila kuzimwa.

Kumbuka pia kwamba SSD haina mlio. Diski ya zamani ya kuzunguka mara nyingi hukuonya kwa kugonga na kukwaruza. SSD inaweza kuwa inafanya kazi vizuri jioni na asubuhi isionekane kabisa. Na faili ulilolifuta kwenye SSD ni gumu kulirudisha, kwa sababu kompyuta huiambia SSD isafishe nafasi hiyo kabisa.

UFANYE NINI? FUATA MPANGILIO HUU

1. Kompyuta ikianza kukwama, mafaili yakikataa kufunguka au ukisikia mlio wa kugonga, acha kupima. Chomeka flashi au diski ya nje, hamisha kwanza vitu usivyoweza kuvipata tena: picha, kazi za wateja, tasnifu, mahesabu. Filamu na nyimbo zisubiri.

2. Usihifadhi nakala kwenye diski ile ile. Kugawa diski moja kuwa C na D ni kuweka ukuta ndani ya ghala moja. Likiungua, linaungua lote.

3. Nakala ikishapatikana, fungua mafaili machache kutoka kwenye hiyo nakala uone kama yanafunguka kweli. Nakala ambayo hujawahi kuifungua bado si nakala.

4. Sasa pima. Tumia kipimo cha kampuni kinachowaka kabla ya Windows au macOS, kwa sababu hapo tatizo la mfumo haliwezi kuchanganywa na tatizo la kifaa. Piga picha majibu kwa simu yako, hasa ile namba ya kosa. Ndiyo ushahidi wako kwa watu wa waranti.

5. Diski ikifeli na waranti ipo, dai haki yako. Usikubali kuambiwa tu "tutafomati itakuwa sawa". Kufomati kunatengeneza leja mpya. Mchwa wanabaki kwenye rafu.

6. Kabla ya kuikabidhi kompyuta, hakikisha umetoa data zako zote. Kituo cha waranti kinaweza kufuta au kubadilisha diski bila kukuuliza, na mkataba unawaruhusu.

7. Diski ikifaulu ila mafaili yanasumbua, hapo ndipo ukarabati una kazi. Tumia Disk Utility kwa Mac au chkdsk kwa Windows, zile zilizomo kwenye mfumo wako, zikiwa zimesasishwa.

8. Kama data ni ya thamani, nakala huna na diski inafeli, usibonyeze "Repair" hata mara moja. Izime, ipeleke kwa mtu anayeokoa data. Muulize kama ataanza kwa kuinakili diski nzima kwenda diski nyingine, kwa mfano kwa GNU ddrescue, ambayo hutangulia kuchukua sehemu zinazosomeka na kuacha zile ngumu mwisho. Akisema atajaribu kuikarabati hiyo hiyo yenyewe, tafuta mwingine.

Jamaa yangu bado anapiga harusi. Waranti bado anainunua, na anasema hajutii, maana ile diski mpya angeilipia mwenyewe. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi haondoki ukumbini kabla picha hazijaingia sehemu mbili. Kompyuta moja, diski ya nje moja. Na ile programu ya kampuni anaiendesha kila mwezi kama kawaida.

"Ikiniambia kuna ubovu nitaisikiliza," anasema. "Ikiniambia mambo safi, naichekea tu."